Kupima sukari nyumbani: namba inapatikanaje na inasomwaje

Menya embe, pangusa kidole kwa pamba ya spiriti, choma, pima. Mashine inaweza kukuandikia 14 ilhali damu yako ina 6 (milimoli kwa lita). Watafiti wa Japani walilijaribu jambo hili na kulichapisha mwaka 2011: watu wasio na kisukari walimenya machungwa, zabibu na kiwi, kisha wakapimwa kidoleni. Waliponawa kwa maji ya bomba, namba zilibaki za kawaida. Walipopimwa bila kunawa, namba zilipaa, hata pale kidole kilipokuwa kimepanguswa kwa spiriti.

Hesabu yake ni ndogo na inafaa kukaa kichwani. Stripu za siku hizi, yaani vile vipande vya kupimia vinavyoingizwa kwenye mashine, hunyonya damu kidogo mno, kati ya maikrolita 0.3 na 1. Tone la maikrolita moja lenye sukari ya 5.0 limebeba glukosi isiyofika maikrogramu moja, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Utando wa juisi ya embe, ndizi mbivu, asali au tende usioonekana hata kwa macho unatosha kuifanya namba iwe mara mbili. Kwa anayejichoma insulini kulingana na kipimo, hapo pana hatari ya kweli: atajiongezea dozi kwa sababu ya sukari iliyo kwenye ngozi, na saa chache baadaye ataanguka.

Kwa hiyo sabuni na maji ndiyo hatua ya kwanza. Maji ya vuguvugu yanasaidia kwa sababu yanaleta damu kwenye ncha za vidole. Kausha kabisa kwa kitambaa safi, kwani maji yaliyobaki yanachanganyika na damu na kuishusha namba. Spiriti nyumbani si lazima. Ukiitumia, iache ikauke yenyewe kabla ya kuchoma. Ukiwa safarini na huna maji, na mikono haijashika kitu kitamu, choma, futa tone la kwanza kwa tishu safi, kisha upime tone la pili.

Kuchoma na kuchukua tone

Choma ubavuni mwa ncha ya kidole. Katikati pale unaposhikia vitu pana mishipa mingi ya fahamu, panauma, na maumivu yake utayakumbuka kila ukishika kikombe. Kidole cha kati, cha pete na cha mwisho vinatosha. Badilisha mkono na ubavu kila mara ili ngozi isiwe sugu. Kalamu ya kuchomea, ile inayoshika sindano, ina namba za kina, nyingi huanzia 1 hadi 5. Anza na 2. Mwenye ngozi laini au mtoto aanze na 1. Fundi, mkulima au mvuvi mwenye vidole vigumu huenda akahitaji 4.

Kabla ya kuchoma, ning'iniza mkono chini nusu dakika. Baada ya kuchoma, kanda kutoka kiganjani kuelekea kwenye kidole, taratibu, ukiachia na kurudia. Kosa linalofanyika sana ni kukamua ncha yenyewe kwa nguvu kama mtu anayekamua ndimu. Ukikamua hivyo, majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili yanatoka pamoja na damu, tone linachujuka, na namba inayopatikana haiaminiki. Tone halitoki? Ongeza kina kwa namba moja, au choma upya kidole kingine. Ni afadhali kuchoma mara ya pili kuliko kukamua.

Sasa tazama kwa karibu. Tone likisimama duara kama punje ya mtama, usilipake juu ya stripu. Shika mashine stripu ikiwa imeshaingizwa, sogeza mdomo wa stripu uguse ukingo wa tone tu, na utaona damu ikikimbia yenyewe ndani ya mfereji mwembamba hadi kidirisha kijae chote. Mashine inalia, inahesabu sekunde tano hivi, namba inatokea. Kidirisha kisipojaa, aina nyingi huonyesha alama ya kosa. Stripu chache zinaruhusu kuongeza damu ndani ya sekunde kadhaa. Karatasi ya maelekezo itasema. Kama haisemi, tupa uchukue nyingine. Inauma kwa bei yake, najua, lakini damu ya nyongeza kwenye stripu isiyoruhusu inatoa namba ya kubahatisha.

Sindano ya kuchomea, yaani lanseti, ni ya mara moja. Ikitumika ncha yake inapinda kidogo, na kila ukiirudia maumivu yanaongezeka. Wengi huirudia kwa sababu ya gharama. Ukilazimika, iwe yako mwenyewe na isishikwe na mtu mwingine. Hapo sina mjadala: kalamu ya kuchomea haiazimwi, hata kati ya mama na mwanawe, hata ukibadilisha sindano. Damu isiyoonekana hubaki kwenye kifuniko cha kalamu, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Mashine yenyewe ndugu wanaweza kuitumia pamoja ikipanguswa vizuri. Kalamu hapana.

Ndani ya stripu

Stripu inaonekana kama kipande cha plastiki, lakini kimsingi ni maabara ndogo. Ndani ya mfereji wake pamepakwa kimeng'enya, ama glukosi oksidesi au glukosi dihaidrojenesi, pamoja na kemikali inayobeba elektroni. Damu ikiingia, kimeng'enya kinashambulia glukosi, elektroni zinatoka, zinapita kwenye nyuzi nyembamba za chuma au kaboni, na mashine inapima mkondo huo wa umeme. Mkondo mkubwa, sukari nyingi.

Kimeng'enya ni protini, na protini inaharibiwa na joto na unyevu. Ndiyo maana kopo la stripu lina kifuniko kigumu na dawa ya kukaushia unyevu ndani yake. Ukizihamishia kwenye mfuko wa plastiki au bahasha ili zisichukue nafasi, umeondoa kinga yote. Watu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu, ambako hewa yenyewe ni mbichi mwaka mzima, wanapaswa kufunga kopo mara tu stripu moja ikitoka, kabla hata ya kuchoma kidole. Usiitoe kwa mkono wenye maji. Friji si mahali pake: ukiitoa kwenye baridi, mvuke unaganda juu yake. Karibu na jiko, bafuni, na dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani, kote huko hapana. Makopo mengi yanataka joto lisizidi nyuzi 30, soma lako. Kabati la chumbani, mbali na dirisha, linatosha.

Tarehe iliyopigwa kwenye kopo ni ya kopo lililofungwa. Baadhi ya aina zikifunguliwa zina miezi mitatu au sita tu. Andika kwa kalamu ya wino, juu ya kopo lenyewe, siku uliyolifungua. Na usinunue stripu za kuhesabiwa mojamoja zilizotolewa kwenye kopo lililo wazi dukani, hata kama zinauzwa nusu bei.

Mashine za zamani zina msimbo: namba ya kwenye kopo lazima ilingane na namba inayotokea kwenye kioo, au kuna chipu ndogo inayokuja na kila kopo. Ukibadilisha kopo bila kubadilisha msimbo, mashine itatumia hesabu ya kopo lililopita na majibu yatapotoka bila kukuonya.

Kuna pia maji maalumu ya kupimia usahihi. Ni kichupa kidogo chenye glukosi inayojulikana. Unaweka tone kwenye stripu badala ya damu, na jibu linatakiwa liangukie kati ya namba mbili zilizoandikwa kwenye kopo la stripu. Fanya hivyo ukifungua kopo jipya, mashine ikianguka, au namba zikikushangaza. Kichupa kikifunguliwa kwa kawaida kina miezi mitatu.

Kabla ya kununua mashine

Uliza stripu kwanza. Mashine ni ya bei nafuu, wakati mwingine hutolewa bure. Stripu ndizo zitakazokula pesa mwaka mzima, na stripu ya aina moja haiingii kwenye mashine ya aina nyingine. Pita maduka mawili au matatu ya dawa karibu na nyumbani, uliza ni stripu zipi hazikosekani, kisha ununue mashine inayozitumia. Mashine nzuri iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani au Dubai inaweza kumaliza stripu zake 10 za kuanzia na kubaki pambo.

Ya kutoka Marekani ina jambo lingine: inapima kwa miligramu kwa desilita, wakati kliniki za Tanzania, Kenya na Uganda zinazungumza kwa milimoli kwa lita. Kutoka miligramu kwenda milimoli, gawanya kwa 18. Kwa hiyo 70 ni 3.9, 126 ni 7.0, 180 ni 10.0, 200 ni 11.1, na 300 ni 16.7. Hatari iko pale mtu mwenye macho hafifu, na kisukari chenyewe kinadhoofisha macho, anapoisoma 5.6 kama 56 kwa sababu hajaona nukta. Tazama kipimo kilichoandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa namba, na ukinunulia mzazi, chagua kioo chenye maandishi makubwa.

Pima mara mbili, namba mbili

Watu wengi wanaitupa mashine nzima hapa. Wanapima, wanapata 7.4, wanachoma kidole cha pili, wanapata 8.1, wanasema imeharibika. Haijaharibika. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara sukari ikifika 5.55 au zaidi, na ndani ya 0.83 sukari ikiwa chini ya hapo. Kama damu ina 8.0 kamili, mashine nzuri inaruhusiwa kusema 6.8 au 9.2. Tofauti ya 7.4 na 8.1 haina habari yoyote ndani yake, usiikimbize. Tofauti ya 7 na 13 ndani ya dakika mbili ina habari: nawa mikono, pima tena.

Maabara nayo ina njia zake za kukosea. Damu ikishatolewa mshipani, chembe nyekundu zilizomo kwenye kichupa zinaendelea kula glukosi, karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa kukiwa na joto la chumbani. Damu yenye 8.0 ikikaa kwenye foleni saa mbili inaweza kutoka na 7.1 hivi. Kichupa chenye kifuniko cha kijivu kina floridi ya kuzuia hilo, ingawa floridi nayo inachukua muda kufanya kazi. Ukitaka kulinganisha mashine yako na maabara, jipime kidoleni dakika ileile damu ya mshipani inapotolewa, ukiwa hujala. Baada ya chakula damu ya kidoleni huwa juu kuliko ya mshipani hata vifaa vyote vikiwa sahihi.

Upungufu wa damu ni jambo ambalo halitajwi vya kutosha katika nchi zenye malaria, minyoo na wajawazito wengi. Chembe nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi husoma juu kuliko hali halisi. Mwili ukikaukiwa maji na damu ikawa nzito, husoma chini. Vitamini C ya dozi kubwa, kama ile ya kuchomwa mshipani, inadanganya baadhi ya stripu zikasoma juu. Kila karatasi ya maelekezo ina sehemu ya kiwango cha himatokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ambacho stripu inakubali. Mwenye himoglobini ya chini sana amwambie daktari kwamba anatumia mashine ya kidole.

Saa ya kupima

Namba bila saa yake haisemi kitu. 9.2 kabla ya chai ya asubuhi ni ya juu. 9.2 hiyohiyo saa mbili baada ya wali ni nzuri. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, Chama cha Kisukari cha Marekani kinalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa moja au mbili tangu kuanza kula. Mzee dhaifu au mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara hupewa malengo ya juu kidogo. Mjamzito hubanwa zaidi: chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, chini ya 7.8 baada ya saa moja, chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Lengo lako wewe limo kwenye daftari la kliniki. Kama halimo, omba liandikwe.

Hesabu ya saa mbili inaanza na tonge la kwanza. Ukianza kuhesabu baada ya kunawa na kunywa maji, umechelewa. Na neno lenyewe lina mtego katika lugha yetu: mtu akiambiwa "pima baada ya saa mbili" anaweza kuelewa baada ya saa mbili ya asubuhi. Ukimfundisha mzazi wako, mwambie dakika 120 tangu alipoanza kula, na umtegee kengele ya simu.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula inataka saa nane bila chochote isipokuwa maji. Chai ya rangi yenye sukari ni chakula. Chai ya maziwa isiyo na sukari ni chakula pia, kwa sababu maziwa yana laktosi.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anahitaji kupima angalau kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, na zaidi akiumwa. Anayechoma insulini ya usiku peke yake, kipimo chake kikuu ni cha asubuhi, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kama dozi ya usiku inatosha. Anayetumia vidonge vya metformin tu hana haja ya kuchoma kidole kila siku, na nadhani stripu nyingi sana zinapotea kwa kupima kila asubuhi, saa ileile, kupata namba ileile, bila kubadilisha kitu. Huyo apime kwa jozi: kabla ya mlo mmoja, na dakika 120 baadaye.

Tuchukue mfano wa daftari lake. Jumatatu, chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari na chapati mbili: kabla 7.8, baada 13.1. Sukari imepanda 5.3. Jumatano, chai bila sukari, chapati moja, mayai mawili na kachumbari: kabla 7.5, baada 9.4, imepanda 1.9. Ijumaa, viazi vitamu vipande viwili na chai bila sukari: kabla 7.9, baada 10.6, imepanda 2.7. Kwa stripu sita tu amejifunza jambo ambalo vipimo 30 vya alfajiri visingemwambia. Pana kasoro moja: kati ya Jumatatu na Jumatano aliondoa sukari na chapati kwa pamoja na akaongeza mayai, kwa hiyo hajui kipi kilimsaidia zaidi. Wiki inayofuata arudie chapati mbili, safari hii chai ikiwa haina sukari. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ndivyo unavyoweza kulinganisha ugali wa dona na wa sembe, au wali wa jana na wa leo, kwa mwili wako mwenyewe, bila kubishana na mtu.

Sasa tazama hizo za kabla: 7.8, 7.5, 7.9. Zote ziko juu ya lengo, na chakula cha asubuhi hakihusiki. Sukari ya alfajiri inatengenezwa na ini, hasa homoni za kuamsha mwili zinapopanda kuanzia saa tisa usiku. Watu wanalala bila kula wakidhani wataishusha, na asubuhi wanaikuta palepale au juu zaidi. Kwa anayechoma insulini pana uwezekano wa pili, kwamba sukari ilishuka sana usiku na mwili ukajihami. Namna ya kutofautisha ni kupima wakati wa kulala, saa tisa usiku, na asubuhi, kwa siku mbili au tatu. Saa tisa ikiwa chini ya 3.9, dozi ya usiku ni kubwa. Ikiwa kawaida au juu, ini ndilo linalofanya kazi. Matibabu yake ni kinyume, na ukiongeza insulini kwa kubahatisha unaweza kumwangusha mtu akiwa usingizini.

Sukari ikishuka

Chini ya 3.9 ni kushuka. Chini ya 3.0 ubongo unaanza kukosa chakula. Kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kusema maneno yasiyoeleweka: pima kama mashine iko mkononi, na kama haiko, tibu kwanza. Gramu 15 za sukari inayoingia haraka: kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida. Si soda isiyo na sukari, na si chokoleti wala biskuti zenye mafuta, maana mafuta yanachelewesha sukari kufika kwenye damu. Nawa mikono iliyoshika sukari, subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 3.9? Rudia. Ikishapanda, kula mlo au kitafunwa cha kawaida. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Glibenclamide, ambayo bado inatolewa sana kwa kuwa ni rahisi kununua, inashusha, na inakaa mwilini muda mrefu. Mzee anayeitumia, akashuka na kupata nafuu kwa soda, anaweza kushuka tena saa nne baadaye. Apimwe kila baada ya saa moja na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dereva, pamoja na wa bodaboda, anayetumia insulini au vidonge vya jamii hiyo apime kabla ya kuwasha chombo. Uingereza madereva wanafundishwa wasianze safari bila kula kitu kama namba iko chini ya 5.0, nami naona ni kanuni ya kuazima.

Mwezi wa Ramadhani

Kuchoma kidole hakuvunji saumu. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inalitaja hilo waziwazi, kwa sababu watu wengi wameacha kupima kwa hofu hiyo. Nyakati zinazofaa ni kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya futari, na saa mbili baada ya futari, na wakati wowote ukijisikia vibaya. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7, saumu inafunguliwa hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa. Kuhusu tende: tende kubwa moja ya Medjool ina wanga wa gramu 18 hivi, karibu wote ni sukari. Moja inatosha kufungulia. Tatu pamoja na tambi za sukari na kaimati, kipimo cha saa mbili baadaye kitasema.

Mkojo, sisimizi na kipimo cha miezi mitatu

Sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo, ni kweli kuna sukari. Tatizo ni kwamba figo hazianzi kuimwaga mpaka damu ifike karibu 10. Mtu anaweza kuishi miaka na sukari ya 9 bila sisimizi hata mmoja. Na anayetumia dapagliflozin au empagliflozin, dawa zinazofanya kazi kwa kuitoa sukari kwenye mkojo, atakuwa nayo kila siku hata damu ikiwa nzuri. Mkojo haupimi udhibiti.

HbA1c, kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kinasoma sukari iliyojishikiza kwenye himoglobini. Asilimia 7 ni sawa na wastani wa 8.6; asilimia 8 ni 10.2; asilimia 10 ni 13.4. Kinadhania kwamba chembe nyekundu zako zinaishi siku 120 hivi. Kwa mwenye selimundu, aliyepoteza damu nyingi, au aliyeongezewa damu karibuni, hazijaishi hivyo, na jibu hutoka chini kuliko ukweli. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kulipandisha. Hata mwenye vinasaba vya selimundu bila ugonjwa wenyewe, na watu wa namna hiyo ni wengi kanda ya Ziwa na Pwani, anaweza kusomeka chini kidogo. Kwa hiyo kama mashine yako nyumbani inaonyesha 11 na 12 kila wakati, na HbA1c ikarudi 6.3, usishangilie. Peleka daftari, uulize habari ya damu.

Ukiumwa, pima kila saa nne hata kama huli, na usiache insulini. Kwa aina ya kwanza, namba ikipita 14 na kukaa huko, pima ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini: kwenye damu, chini ya 0.6 ni sawa, 1.5 kwenda juu piga simu kliniki, 3.0 na zaidi ni hospitali bila kusubiri asubuhi. Kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu na haraka ni hospitali hata bila kipimo. Kioo kikiandika HI, mashine imefika ukomo wake, aina nyingi ni 33.3. LO ni kinyume chake. Zote mbili ni dharura.

Sensa za kubandika mkononi, kama FreeStyle Libre ya siku 14, zinapima majimaji ya chini ya ngozi na huchelewa dakika 5 hadi 10 nyuma ya damu. Sukari ikiwa inakimbia juu au chini, au hali ya mwili haifanani na kioo, kidole bado ndicho cha kuamini.

Kagua saa ya mashine kila ukibadilisha betri. Ikirudi 00:00, kipimo chako cha saa moja asubuhi kitahifadhiwa kama cha usiku na daktari atabadilisha dozi isiyohusika. Kliniki nenda na mashine yenyewe pamoja na daftari, lenye saa, chakula na dawa pembeni ya kila namba. Sindano zilizotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kizibo, kama ya sabuni ya maji, juu ambako watoto hawafiki; ikifika robo tatu, funga, zungushia utepe wa gundi, na uipeleke kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea taka.